Vidhibiti vya kujitengenezea na utunzaji wa hali kwenye programu ya wavuti: mwongozo kamili kutoka mwalo wa Kibirizi

Alfajiri pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, mambo huenda mbio. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake inaingia mwaloni, wachuuzi wamekwishapanga mabeseni, na karani wa kikundi anatakiwa aandike kila chombo kilicholeta dagaa: jina la chombo, uzito, bei ya kilo, saa ya kufika. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine umelowa. Niliwatengenezea makarani hao programu ya wavuti ichukue nafasi ya daftari. Wiki ya kwanza tulipofungua ripoti tukakuta vyombo vingi vimefika saa tano asubuhi, wakati ambao mwalo huwa umeshatulia. Hakuna karani aliyekosea. Chombo kilifika saa kumi na moja alfajiri, akaandika 11:00, na kompyuta ikaielewa 11:00 kwa namna yake.

Kosa hilo lina pande mbili. Upande mmoja ni kidhibiti, yaani kile anachokigusa mtumiaji: kitufe, kisanduku cha kujaza, orodha ya kuchagua, kalenda. Upande wa pili ni hali, yaani yote ambayo programu inayakumbuka kwa wakati fulani: kilichojazwa, kilichotumwa, kilichofunguliwa, nani ameingia. Watu wengi huyachagua mambo haya mawili kila moja kivyake, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Niseme mapema ninachoamini. Kazi ambayo kivinjari (Chrome, Safari, Firefox) kinaiweza, kiachie. Tengeneza kidhibiti chako pale tu maisha ya watumiaji wako yana jambo ambalo kivinjari hakilijui. Na kila taarifa ndani ya programu iwe na mwenyewe mmoja tu.

Hatua ya 1: Andika orodha ya sehemu zote kabla ya kugusa msimbo wa programu

Chukua karatasi. Kwa kila kitu ambacho mtumiaji atajaza au kubonyeza, jibu maswali manne: anajaza nini, anakijua kwa umbo gani kichwani mwake, kinatakiwa kiishi muda gani, na nani mwingine anakihitaji. Swali la pili ndilo linalorukwa na wengi. Karani anaijua saa kwa hesabu ya Kiswahili. Anaujua uzito kwa kilo dagaa wakiwa wakavu, ila wabichi anaweza kuwahesabu kwa beseni. Usiku wa uvuvi anauita "usiku wa kuamkia Jumanne", na wewe ukimwekea kalenda tupu atajiuliza achague Jumatatu au Jumanne.

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi na nne. Baada ya maswali hayo, ni mbili tu zilizohitaji kidhibiti cha kujitengenezea.

Hatua ya 2: Jaribu kwanza vidhibiti vya kivinjari

Kitufe kiwe elementi ya button (elementi ni kipande cha HTML, lugha inayounda ukurasa). Ukichukua div, yaani kisanduku kitupu kisicho na kazi maalumu, ukaipaka rangi na kuipa tukio la kubonyeza, itaonekana kama kitufe lakini kibodi haitaifikia, Enter na Spesi hazitafanya kitu, na programu ya kumsomea asiyeona haitajua kuwa ni kitufe. Vyote hivyo unavipata bure kwenye button.

Orodha ya kuchagua ianze na select. Kwenye simu, select hufunguliwa na mfumo wenyewe wa simu, kwa maandishi makubwa ambayo mtumiaji ameshayazoea. Nimeona vijana wengi wakiitupa kwa sababu haipendezi, kisha wakaandika mistari mia tatu kuiiga, na bado vidole vikubwa vinakosa shabaha. Kama majina ni mengi na mengine mapya huongezwa, tumia input (kisanduku cha kujaza) pamoja na datalist (orodha ya mapendekezo), ili karani aandike herufi mbili tatu apate mapendekezo. Hapo kumbuka kuhifadhi namba ya utambulisho ya chombo wala si jina lake. Vyombo viwili kuitwa jina moja si jambo la ajabu.

Namba zina mitego yake. Uzito na bei ninavipa input ya kawaida yenye inputmode ya "decimal" au "numeric", ili kibodi ya tarakimu ijitokeze. Input ya aina ya number ina tabia ya kubadilisha thamani mtu akizungusha gurudumu la panya juu yake, na hilo kwenye bei ni hatari. Namba ya simu usiichukulie kama namba ya hesabu kamwe: 0754 ikihifadhiwa hivyo inakuwa 754. Tumia aina ya tel na uhifadhi kama maandishi. Kwa Kigoma kuna la ziada: wanunuzi wengine wanatoka Burundi na Kongo, kwa hiyo fomu inayolazimisha +255 inamfukuza mwenye +257 au +243.

Tarehe: input ya aina ya date inatosha mara nyingi. Vyovyote itakavyoonekana kwenye simu ya mtu, thamani inayotoka ndani yake ni mwaka-mwezi-siku, kama 2025-03-04, basi usihangaike kuichambua.

Dirisha la kuthibitisha lina elementi yake, dialog, ambayo tangu Machi 2022 imo kwenye vivinjari vyote vikubwa. Sehemu ya kufunua na kufunika maelezo ina details. Zipitie hizo kabla hujatafuta maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine.

Hatua ya 3: Tambua sehemu zinazostahili kidhibiti chako

Saa ndiyo iliyostahili. Input ya aina ya time inasema 05:00, na Kiswahili kinasema saa kumi na moja. Ukimlazimisha karani atafsiri kichwani alfajiri, huku watu wanapiga kelele za bei, makosa yatakuja tu. Nikatengeneza kidhibiti chenye safu mbili za vitufe: juu vipindi vya siku, chini saa zinazofaa kwa kipindi hicho. Alfajiri inaonyesha 10 na 11. Asubuhi inaonyesha 11, 12, kisha 1 hadi 5. Mchana 6 hadi 9, jioni 10 hadi 12, usiku 1 hadi 9. Mtumiaji hawezi kuchagua "saa 3 alfajiri" kwa sababu haipo.

Kugeuza kwenda saa ya kimataifa ni kazi ndogo, ila ina mtego mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00 na saa kumi na mbili jioni ni 18:00, kwa hiyo huwezi kuongeza sita bila kuangalia kipindi:

```
function saaYaKimataifa(saa, kipindi) {
  const yaUsiku =
    kipindi === "usiku" ||
    kipindi === "alfajiri" ||
    (kipindi === "asubuhi" && saa >= 10);
  return yaUsiku ? (saa + 18) % 24 : saa + 6;
}
```

Pima kwa mkono: saa 11 alfajiri inatoa 5, saa 6 usiku inatoa 0, saa 2 asubuhi inatoa 8, saa 10 jioni inatoa 16. Chini ya vitufe nimeweka mstari mmoja unaorudia alichochagua, "Saa kumi na moja alfajiri, usiku wa kuamkia Jumanne 4 Machi", na mstari huo umezuia makosa mengi kuliko onyo lolote jekundu.

Kidhibiti cha pili kilikuwa cha uzito, kwa sababu ya beseni na kilo. Hicho sikukipamba: kisanduku cha namba na vitufe viwili vya kipimo pembeni. Kinahifadhi namba na kipimo alichokitumia karani, bila kugeuza kimyakimya. Beseni si kipimo cha sheria, na mabeseni hayalingani.

Hatua ya 4: Ukikitengeneza, kikamilishe

Kidhibiti cha kujitengenezea kinabeba mizigo yote ambayo kivinjari kilikuwa kinakubebea. Lazima kifikike kwa kitufe cha Tab na kiongozwe kwa vishale. Lazima kiwe na jina linalosomeka kwa sauti, na kitangaze kilichochaguliwa. Lazima thamani yake iende na fomu, ionyeshe kosa, na ikubali kuzimwa. Kabla ya kuongeza sifa za ARIA, yaani maelezo ya ziada kwa programu za kuwasomea wasioona, jiulize kama elementi ya kawaida ingefanya kazi hiyo. Kanuni ya kwanza ya ARIA yenyewe inasema hivyo. Vitufe vyangu vya saa ni input za aina ya radio zilizovalishwa mtindo, wala si div. Kwa hiyo vishale vya kibodi na usomaji wa sauti vilikuja bila mimi kuandika chochote.

Ukubwa wa vitufe usiuchezee. Viwango vya WCAG 2.2, vya kurahisisha tovuti kwa watu wote wakiwemo wenye ulemavu, vilivyotoka Oktoba 2023, vinataka kitu cha kugusa kisipungue pikseli 24 kwa 24. Kwa mikono iliyolowa hiyo ni ndogo mno. Mimi naanzia 48. Rangi nazo zipime: maandishi ya kawaida yanatakiwa yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, na jua likiwaka juu ya mchanga wa mwalo, kijivu hafifu juu ya nyeupe hakionekani kabisa.

Kama unataka kidhibiti kimoja kitumike kwenye programu kadhaa zilizoandikwa kwa mifumo tofauti, kiandike kama elementi maalumu ya kivinjari, ile ambayo jina lake lazima liwe na kistari katikati, mfano saa-kiswahili. Tangu Safari 16.4 ya Machi 2023, elementi hizo zinaweza kushiriki kwenye fomu kama input halisi katika vivinjari vyote vikubwa, kupitia zana ya kivinjari iitwayo ElementInternals. Kama programu ni moja na mfumo ni mmoja, komponenti (kipande cha ukurasa kinachojitegemea) ya kawaida ya mifumo kama React, Vue au Svelte inatosha.

Ukiamua kuchukua maktaba, chagua ile inayokupa tabia bila mapambo, kama React Aria ya Adobe, kisha uipake mtindo wako. Pima uzito wake baada ya kubanwa, angalia lini ilisasishwa mara ya mwisho, na uijaribu kwa kibodi tupu kabla hujaipenda.

Hatua ya 5: Kipe kila kipande cha hali nyumba yake

Swali la "nitumie Redux au la" (Redux ni maktaba ya kutunza hali ya programu nzima) huja mapema mno. Kwanza gawa hali zako.

Hali ya hapo hapo: menyu imefunguliwa, kichupo gani kimechaguliwa. Ikae ndani ya komponenti husika na ife nayo.

Hali ya kutazama: tarehe ya ripoti, kichujio cha chombo, ukurasa wa ngapi. Hii iweke kwenye anwani ya ukurasa. Faida yake utaiona siku mwenyekiti wa kikundi atakapomtumia mwenzake wa Ujiji kiungo kwenye WhatsApp, na yule akaona ripoti ile ile ya siku ile ile. Kitufe cha kurudi nyuma nacho kinaanza kufanya kazi kama watu wanavyotarajia.

Hali ya seva: rekodi za mizigo, bei za leo. Hii mwenyewe ni seva, na kilichomo kwenye simu ni nakala. Nakala ina umri, na umri huo uonyeshwe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ukurasa usio na tarehe ungeendelea kuonyesha bei ya mwisho ya Mei kana kwamba ni ya asubuhi hiyo. Hata bila kufungwa kwa ziwa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, na bei inabaki pale ilipokuwa. Andika chini ya bei: "ya tarehe 12, saa 2:10 asubuhi". Maktaba kama TanStack Query zimejengwa kwa ajili ya hali ya aina hii, zinajua nakala imechakaa lini na zinaichukua upya.

Hali ya rasimu: fomu iliyojazwa nusu. Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, nitairudia.

Hali ya pamoja: nani ameingia, kikundi gani, lugha gani. Hii pekee ndiyo inayohitaji ghala la jumla, na ukishaziondoa zile nne inabaki ndogo sana. Kwenye React, Context, njia yake ya kufikisha thamani kwa komponenti nyingi, inaitosha, mradi usiweke ndani yake vitu vinavyobadilika kila sekunde, maana kila komponenti inayoisoma itachorwa upya. Redux, iliyotoka 2015, naiona inafaa pale hali ya pamoja ni kubwa, inabadilishwa kutoka sehemu nyingi, na unahitaji kufuatilia kila badiliko lilitoka wapi.

Kitu kingine: kinachoweza kukokotolewa kisihifadhiwe. Jumla ni kilo mara bei. Ukiihifadhi kando, siku karani atakaporekebisha bei jumla itabaki ya zamani, na mwenye chombo atalipwa kiasi kisicho chake. Na kwa kuwa hesabu zetu ni shilingi nzima, hifadhi fedha kama namba kamili bila desimali; alama za kutenganisha elfu ziwekwe wakati wa kuonyesha tu.

Hatua ya 6: Unganisha kidhibiti na hali kwa njia moja

Kidhibiti kisiwe na kumbukumbu ya siri. Kinapokea thamani kutoka juu, na mtumiaji akibadilisha kinatoa tukio lenye thamani mpya. Aliye juu ndiye anayeamua. Kidhibiti changu cha saa kilipokuwa na nakala yake ya ndani, karani alifuta fomu, visanduku vyote vikawa vitupu, lakini kidhibiti kikaendelea kuonyesha saa ya chombo kilichopita. Chombo kilichofuata kikapewa saa isiyo yake.

Uwe mwangalifu na kupamba namba mtu akiwa bado anaandika. Ukiweka alama ya elfu kila tarakimu inapoingia, kishale kinaruka mwisho na namba inaharibika. Pamba akishatoka kwenye kisanduku.

Muda uhifadhi kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na unapouonyesha taja ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam waziwazi. Usitegemee ukanda wa simu. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu, na simu ikishika mnara wa ng'ambo inaweza kujibadilisha saa yenyewe.

Hatua ya 7: Rasimu na foleni ya kutuma

Simu ya karani ina kumbukumbu ndogo. Akipigiwa akiwa katikati ya fomu, Android inaweza kuua ukurasa, na akirudi unafunguka upya, mtupu. Hifadhi rasimu kila sehemu inapobadilika, na tena kwenye tukio la visibilitychange, linalokuja ukurasa unapofichwa au kuonekana. Usitegemee beforeunload, tukio la ukurasa kufungwa; kwenye simu mara nyingi haliji. Rasimu moja ndogo inaweza kukaa localStorage, hifadhi ndogo ya kivinjari yenye nafasi ya takriban megabaiti 5. Rekodi nyingi zinazosubiri ziende IndexedDB, hifadhidata ya kivinjari. Ujue pia kwamba Safari hufuta data ya tovuti isiyoguswa kwa siku 7 za matumizi, kwa hiyo simu si ghala, ni kituo cha njiani. Tokeni ya kuingilia, yaani kitambulisho cha aliyeingia, usiiweke localStorage, kwa sababu hati yoyote hasidi itakayopenya kwenye ukurasa itaisoma. Iweke kwenye kuki yenye sifa za ulinzi za HttpOnly, Secure na SameSite.

Kila rekodi ipewe namba yake ya utambulisho kwenye simu, kwa crypto.randomUUID, kabla haijatumwa. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya jibu kufika, simu itatuma tena, na seva itaitambua namba ile na kutoandika mara mbili. Bila hivyo, dagaa wa beseni moja watauzwa mara mbili kwenye ripoti.

Hali ya rekodi moja usiigawe kwenye vigezo vitatu vya ndiyo na hapana, kama "inatumwa", "imekosea", "imefika". Vitatu vinatoa michanganyiko minane, na mingi haina maana. Tumia kigezo kimoja chenye majina: rasimu, inasubiri mtandao, inatumwa, imepokelewa, imekataliwa. Kisha mwonyeshe karani neno hilo hilo pembeni ya kila chombo.

Usiiamini navigator.onLine, kipimo cha mtandao cha kivinjari, inaposema mtandao upo. Inaweza kumaanisha tu kwamba simu imeunganishwa mahali fulani. Jaribu kutuma, subiri jibu la seva, na ukikosa rudisha kwenye foleni. Background Sync, inayotuma kwa nyuma mtandao ukirudi, inasaidia kwenye Chrome, lakini Firefox na Safari hawana, kwa hiyo tuma pia kila programu inapofunguliwa. Makarani wawili wakirekebisha rekodi moja, ipe rekodi namba ya toleo. Seva ikikuta toleo limepitwa ijibu 409 (namba ya jibu inayomaanisha mgongano), nawe uonyeshe matoleo yote mawili waamue wenyewe.

Kama umerithi mfumo wa ASP.NET Web Forms

Hii ni njia ya zamani ya Microsoft ya kujengea tovuti, na mifumo ya namna hii bado iko kazini katika ofisi nyingi. Humo vidhibiti ni vya aina mbili: faili za ascx, ambazo ni rahisi kutengeneza ndani ya mradi mmoja, na vidhibiti vilivyokusanywa kuwa dll, vinavyofaa kushirikiwa na miradi mingi. Hali ya vidhibiti husafiri ndani ya kisanduku kilichofichwa kiitwacho __VIEWSTATE, kinachokwenda na kurudi kwa kila bonyezo. Jedwali kubwa likiwa na ViewState, mtumiaji analipia bando kwa data asiyoiona. Izime kwenye kila kidhibiti kisichoihitaji, na kwa kidhibiti chako tumia ControlState kwa vile vichache ambavyo hakiwezi kuishi bila hivyo, kwa sababu hiyo haizimwi na mwingine. Session, kumbukumbu ya seva kuhusu aliyeingia, nayo hufa baada ya dakika 20 za kimya kwa mpangilio wa kawaida, muda ambao karani anaweza kuumaliza akisubiri mzani.

Hatua ya 8: Jaribu palepale kazi inapofanyika

Chukua simu ya bei ndogo kabisa inayotumiwa na mmoja wao. Jaza nusu ya fomu, ujipigie simu, kisha urudi. Weka hali ya ndege, tuma rekodi tatu, washa mtandao, hesabu zilizofika. Bonyeza "Tuma" mara mbili haraka. Badilisha ukanda wa saa wa simu uwe wa Bujumbura uangalie ripoti. Pita fomu nzima kwa kibodi bila panya, kisha uwashe TalkBack, kisomaji cha skrini cha Android, na kufumba macho. Halafu nenda mwaloni saa kumi na moja alfajiri, mwamkie karani, mpe simu, usimwelekeze chochote, na uangalie kidole chake kinasita wapi.